Kabla ya lami, tumjibu bibi: maji yanaishia wapi?

Ijumaa jioni tulikuwa tunakula, gari la matangazo likapita kule juu maana huku chini halishuki, tukawa tunasikia vipande vipande tu, mkutano wa mtaa, Jumapili, saa nne asubuhi, uwanja wa shule, ujenzi wa barabara. Hilo neno la mwisho ndo lilimfanya mama aweke tonge chini. Akaniuliza, wamesema barabara au nimesikia vibaya? Nikamwambia umesikia vizuri mama. Akakaa kimya kidogo, alafu akasema, baba yako angekuwepo leo angelala na viatu mguuni.

Kwa wasiopajua kwetu, ukishuka mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka ya Dar, pale Kimara Mwisho unachukua boda kuelekea upande wa Bonyokwa, ni mlima na bonde, mlima na bonde, na sisi tuko kwenye bonde. Kiangazi boda ni buku, mvua ikinyesha ni buku mbili na anakushusha kwenye kona ya juu, unavua viatu unamalizia mwenyewe. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya kuleta simenti haishuki. Boza la maji halishuki. Bajaji inashuka kama dereva anakufahamu na ana roho nzuri siku hiyo.

Baba alinunua hapa 2001. Alikuwa anatuambia korongo la pembeni ya barabara alilikuta ni mtaro tu, unauruka kwa hatua moja na mkononi umebeba ndoo. Leo mtu mzima akisimama mle ndani humuoni kichwa. Limekula barabara nusu, limekula uzio wa jirani, limekula choo cha watu, na kila masika linasogea. Baba alifariki masika ya 2019, gari lililobeba jeneza likaishia kule kwenye kona, likashindwa kabisa. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha juu ndo walivua viatu wakalibeba jeneza mpaka nyumbani, karibu mita mia sita za utelezi, wanapokezana, wanasema pole pole, pole pole, shika huku, na hakuna hata mmoja aliyeteleza. Sijawahi kuwalipa wale watu na sijui ningewalipa nini. Kwahiyo nikisikia mtu anasema barabara ni siasa tu huwa namwacha aongee, ila mimi barabara naijua kwa uzito wake.

Basi Jumapili tukaenda. Nimezoea mikutano ya mtaa wanakuja watu ishirini, thelathini, safari hii uwanja ulijaa, watu wamekaa kwenye madawati, wengine juu ya matofali, wengine wamesimama chini ya mwembe na watoto mgongoni. Meza kuu alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, wajumbe, na injinia kijana hivi na mwenzake, wakabandika mchoro mkubwa kwenye ukuta wa darasa kwa gundi ya karatasi. Injinia akaeleza vizuri, sitaki kusema uongo, alieleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Kilomita moja na nusu ya lami, kuanzia barabara kubwa mpaka kule chini kwenye kona ya mwisho, upana mita sita, na mfereji wa zege upande mmoja. Watu wakapiga makofi. Kuna mama mbele yangu alilia kabisa, na mimi nilikuwa karibu.

Alafu mwenyekiti akasema, maswali. Akasimama bibi wa vitumbua. Huyu bibi wote tunakula vitumbua vyake toka tuko wadogo, yuko hapa tangu 1994, nyumba yake ndo ya mwisho kabla ya mto. Akaomba apite mbele aone karibu maana macho hayaoni mbali. Akasogea mpaka kwenye mchoro, akauliza, mwanangu, huu mstari wa bluu ndo mfereji? Injinia akasema ndiyo bibi. Akauliza, na maji yakitoka hapa mwisho wa mstari yanaishia wapi? Injinia akaweka kidole kwenye karatasi akasema, kwa bajeti iliyopo mfereji unaishia hapa. Bibi akaangalia kile kidole. Akasema, hapo ulipogusa ndo kitandani kwangu.

Uwanja mzima kimya. Hata watoto.

Mimi nadhani yule kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Mchoro umechorwa ofisini, kuna ramani, kuna bajeti, kilomita zimepangwa, mstari umeishia pesa zilipoishia. Ila ukiangalia vizuri, maji yote ya kule juu ambayo sasa hivi yanasambaa, mengine yanaingia kwenye viwanja, mengine yanapotelea kwenye mchanga, mtayakusanya yote kwenye mfereji laini wa zege, yaje na kasi kuliko ya sasa, alafu myamwage kwenye ukuta wa bibi na nyumba kumi na nne zilizomzunguka. Hizo nyumba nimezihesabu mwenyewe jana nikitoka kazini.

Na maji yenyewe siyo yale ya zamani. Watu tumeongezeka, sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu milioni 4.36 na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38, yaani ndani ya miaka 10 imeongezeka milioni nzima, na sehemu kubwa ya hao watu wamekuja pembezoni, ndo huku kwetu. Tangu mwendokasi ianze Mei 2016 na Kimara ikawa ndo mwisho wa njia, mtu anaona bora ajenge huku akapande basi akafike Kivukoni. Kulikuwa na mikorosho hapa, kulikuwa na majani mpaka kiunoni, mvua ikinyesha ardhi inakunywa. Sasa kila kiwanja kina bati, uwanja umejazwa pevingi ukuta kwa ukuta, na bomba la maji ya bati limetobolewa ukutani likatazama barabarani. Kwetu pia liko hivyo hivyo. Mvua ya nusu saa tu barabara inakuwa mto. Na wakati wa mvua kubwa kuna watu wanatapisha vyoo, wanasubiri maji yawe mengi wanafungulia, na yule anayeishi chini ndo anakuja kuchota uchafu wa watu asiowajua ndani ya sebule yake. Samahani kwa kulisema hivi ila ndo maisha ya bibi kila mwaka na hakuna mchoro unaolionyesha.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndo penye moyo wa jambo lenyewe. Akasimama mzee mmoja mstaafu wa kule juu, mtu mwenye heshima zake, akasema ndugu zangu tumesubiri hii barabara zaidi ya miaka 20, tukianza ubishi hapa pesa itahamishiwa mtaa mwingine, tukubali kwanza lami ije, mengine tutaomba baadae. Makofi yakapigwa makubwa kuliko yale ya kwanza. Watu wa chini tukawa tunaangaliana. Mtu akasema kwa sauti, watu wa bondeni ndo mnatucheleweshea maendeleo.

Lile neno liliniuma. Siyo kwa sababu yule mtu ni mbaya, ni jirani yangu, mke wake alinikalia msibani siku tatu hajaondoka. Liliniuma kwa sababu najua linatoka wapi, linatoka kwenye hofu. Tumesubiri mno kiasi kwamba mtu akija na karatasi yoyote yenye neno lami tunaogopa hata kuuliza, tunaona swali ni kama kufukuza mgeni aliyebeba zawadi. Na ile hofu ndo inafanya mitaa mingi wasaini chochote, masika ya kwanza tu lami inatobolewa na maji kwa chini, pembeni zinamegeka, mwaka wa pili ni mashimo, wanarudi kulalamika. Nimeona barabara ya namna hiyo mtaa mmoja siyo mbali na hapa, mkandarasi alimwaga lami nzuri inang'aa, mtaro hauna pa kutokea, leo bajaji zinapita pembeni kwenye mchanga na lami imeachwa katikati kama kisiwa.

Nikanyoosha mkono. Mimi siyo muongeaji wa mikutano lakini nilikuwa nimekaa na mdogo wangu usiku wa kuamkia mkutano, na mdogo wangu alisoma Chuo Kikuu Ardhi, ni mmoja wa wanafunzi waliozunguka na Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 wa kuchora ramani za mitaa ya Dar kwa ajili ya mafuriko, wanafunzi na wakazi wanatembea pamoja na simu na karatasi. Alinisimulia kwamba walikuwa wanafika mtaani wanadhani mtaro ni huu wanaouona, mwenyeji anawaambia hapana, huo umeziba siku nyingi, maji yanapita uani kwa fulani, njooni niwaonyeshe. Anasema ukitaka kujua maji yalifika wapi unamuuliza mama mwenye nyumba, anakuonyesha alama ukutani, anakwambia hapa ndo tulipandisha godoro.

Kwahiyo nikasema hivyo hivyo pale. Nikawakumbusha pia kwamba jiji hili hili lina mifano yake, Hanna Nassif kule Kinondoni miaka ya tisini wakazi wenyewe walikaa kwenye kamati wakachimba na kujenga mifereji yao, walifanya kazi kwa mikono na wakalipwa, na walichoanza nacho ni maji. Na mwaka 2018 kwa ajili ya bonde la mto Msimbazi waliitwa wakaazi wa mabondeni wakae na wataalamu na watu wa serikali, vikao kwa vikao miezi kadhaa, kabla mpango haujaandikwa. Nikasema maji yanayopita kwa bibi hayaishii kwa bibi, yanakwenda kuungana na Msimbazi, na Msimbazi tunajua unapita wapi, ni Jangwani pale pale ambapo mvua ikizidi barabara inafungwa na sisi wa Kimara tunakosa mwendokasi ya kwendea kazini. Kwahiyo mzee wangu wa juu na wewe ni mtu wa bondeni, bonde lako liko mbele kidogo tu. Hapo baadhi ya watu wakaguna kwa kukubali, na yule mzee mwenyewe akatikisa kichwa, akasema endelea mwanangu.

Mwenyekiti wa kijiwe cha boda nae akasimama. Akasema sisi watu wanatuona kama wapita njia tu lakini barabara hii hakuna anayeijua kama sisi, tunaipita mara arobaini kwa siku. Akasema tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, mimi naweka lita tatu nne kila siku, kwahiyo na mimi ni mchangiaji hapa, naomba nisikilizwe. Alafu akaeleza kitu ambacho injinia alikiandika papo hapo, kwamba ile kona ya pili mchoro umeipitisha pale ilipo sasa, lakini chini ya ile kona kuna chemchem, hata kiangazi ardhi imeloa, magari yote yanazama pale, na wakipeleka barabara upande wa kulia mita tano tu wanakuta udongo mgumu. Mtu hajasoma uinjinia lakini amesukuma pikipiki pale miaka tisa.

Alafu kuna binti mmoja alisimama nyuma kabisa, akauliza kwanza, mimi ni mpangaji, naruhusiwa kuongea? Jamani. Tumeishi nae mtaa mmoja miaka minne na alikuwa hajui kama anaruhusiwa kuongea. Mwenyekiti akamjibu vizuri, kwamba mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, hamna sehemu imeandikwa uwe na nyumba. Binti akasema yeye anafanya kazi duka Kariakoo anarudi saa tatu usiku, mchoro una sehemu ya magari lakini hajaona sehemu ya mtu anayetembea kwa miguu, na hajaona taa. Akasema lami ikija magari yatakimbia, sasa hivi yanaenda taratibu kwa sababu ya mashimo, watoto wa shule hii watapita wapi? Akaomba matuta mawili karibu na geti la shule na njia ya miguu hata ya mita moja. Akamalizia kwa sauti ya chini kwamba anaiombea barabara ije ila anajua lami ikifika kodi itapanda na huenda yeye asiwepo kuitembelea. Hilo la kodi hakuna aliyelijibu. Na mimi sina jibu, ila naliweka hapa kwa sababu wenye nyumba tulikuwa wengi pale na tulilisikia wote, na kodi hapandishi injinia, tunapandisha sisi.

Likaja suala la kupisha. Hili ndo lilichukua muda kuliko yote na lilikuwa na joto. Ili barabara na mfereji vipate nafasi kuna kuta na vibaraza na miti inabidi iondoke. Mkisema kupisha kwa watu wa Kimara muelewe mnagusa kidonda, 2017 tuliona kwa macho bomoabomoa ya pembeni ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Mbezi mpaka huko Kibamba, mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, nyumba za ghorofa, maduka, nyumba za ibada, watu wamekaa nje na makabati. Leo ile barabara ni pana, njia nane, inapendeza na inatusaidia, lakini kuna wazee mpaka sasa wakiona mtu ameshika rangi nyekundu mwili unasisimka. Kwahiyo injinia aliposema tutaweka alama, watu wakapiga kelele wakasema alama gani, ile X nyekundu ya bomoabomoa?

Watu wakatulizwa, injinia akaeleza, siyo kuvunja nyumba, ni kuta na ngazi na vibaraza vilivyotoka nje, kama mita moja, sehemu nyingine moja na nusu. Na mradi hauna fungu la fidia kwa hivyo vitu, kwahiyo wanaomba wananchi wapishe kwa hiari. Mwenyekiti akasema walio tayari wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kunyooshwa na kila mkono unapigiwa makofi, na mimi nikanyoosha, kwetu ni kibaraza cha mbele na mpera alioupanda baba. Mama alikuwa ameshaniruhusu toka nyumbani, alisema mpera utaota kwingine.

Lakini kuna mama mmoja mjane hakunyoosha. Yeye kilichotoka nje siyo kibaraza, ni kibanda cha duka alichopangisha, ndo kinamsomesha mtoto. Watu wakaanza kumgeukia, mtu mmoja akasema mama usituangushe. Hapa nilikasirika na sikuficha. Hiari ni hiari. Ukimsimamisha mtu mbele ya watu mia mbili unampigia makofi mpaka akubali, hiyo siyo hiari tena. Mimi kibaraza changu kikivunjwa nakosa pa kuanikia dagaa, yeye akivunjiwa anakosa ada. Sheria zetu zinatambua hilo, ukitwaliwa ardhi yako halali kuna uthamini, kuna posho ya usumbufu, kuna ya usafiri, kuna ya makazi, kuna ya kupoteza faida kama una biashara, na sheria ya uthamini ya 2016 imeweka kwamba uthamini ukishaidhinishwa una uhai wa miaka 2 tu, usipolipwa mpaka hapo unatakiwa kufanyika upya. Kama kibanda chake kiko ndani ya mipaka ya kiwanja chake basi apimiwe, na kama kimetoka nje ya mipaka aambiwe kwa vipimo vya sevei, siyo kwa macho ya majirani. Mtendaji akakubali kwamba bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, zitafutwe kwanza kabla ya mtu yeyote kuguswa. Na baada ya pale watu watatu tukakubaliana kwamba kama itabidi kitoke tutamsaidia kukihamishia upande wa pili wa kiwanja chake, mbao zipo, mabati ni yale yale, fundi ni jirani yetu.

Mengine nayapitia haraka. Mabomba ya maji yahamishwe kabla ya lami na siyo baada, maana kila mtu anajua barabara mpya inavyokuja kuchimbuliwa wiki mbili baada ya kuzinduliwa. Nguzo mbili za umeme ziko katikati ya mchoro. Vijana wakaomba kazi za mikono zitolewe kwa watu wa mtaa, injinia akasema atalifikisha.

Mwisho kabisa tukarudi kwa bibi. Mdogo wangu ndo aliyeuliza swali lililofungua njia, akauliza hivi ile kipande cha juu kabisa, mita kama mia mbili hamsini za kwanza, ambacho tayari kina molamu, ule udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa vizuri na hakijawahi kusumbua, kikiachwa kama kilivyo kwa sasa, hela yake inaweza kuupeleka mfereji mpaka mtoni na kalavati la maana pale kwenye kona? Injinia akapiga hesabu kwenye simu, akasema hawezi kuahidi, lazima mchoro urudi kwa waliosanifu, lakini kwa haraka haraka inaelekea kutosha. Sasa waliokuwa wanatakiwa kuamua ni watu wa juu, maana lami wanayoiacha ni ya mbele ya mageti yao.

Ikawa kimya kirefu. Yule mzee mstaafu akasimama tena, taratibu, na fimbo yake. Akasema geti langu mimi ndo la kwanza kabisa pale, lami ingeanzia kwangu. Akasema nilikuwa sijui kama mstari unaishia kitandani kwa huyu mama. Mimi naweza kula vumbi miaka mingine miwili. Hakuongeza kitu, akakaa. Siyo wote wa juu walifurahi, nisiseme uongo, kuna waliotoka kabla ya kusaini na kuna aliyeniambia njiani kwamba nimewauzia barabara yao, na mimi hasira yake naielewa maana amesubiri kama nilivyosubiri mimi. Lakini muhtasari uliandikwa pale pale, ukasomwa kwa sauti mara mbili, tukasaini watu 143, wapangaji kwa wenye nyumba, na mtendaji akaupeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata.

Jumatano asubuhi nikiwa natoka nikamkuta injinia amerudi, peke yake, amevaa mabuti ya mvua, hana mchoro ila ana daftari. Bibi yuko mbele na kijiti anamwonyesha. Hapa ni mwaka ule wa mafuriko makubwa, Desemba 2011. Hapa ni juzi juzi. Hapa maji yanagawanyika, haya yanaenda kwa mama wa duka, haya yanakuja kwangu. Walishuka pamoja mpaka mtoni, yule kijana amemshika mkono kwenye utelezi. Nilichelewa kazini siku hiyo, nilisimama nikawaangalia mpaka walipopotea nyuma ya migomba.

Mchoro mpya hatujaletewa bado. Mwenyekiti amesema ukifika utabandikwa ofisi ya mtaa na tutaitwa tena, na safari hii gari la matangazo lipite siku tatu kabla, na watu wa chini tupelekewe taarifa kwa wajumbe mlango kwa mlango maana gari halishuki. Tukiitwa twendeni wote, na yule binti wa Kariakoo tumfuate kwake kabisa.

Kwa sasa kalavati la zamani pale kwenye kona limeziba, chupa za plastiki, pampasi, mchanga, na mvua za vuli hazisubiri mchoro. Jumamosi hii saa moja asubuhi tunalizibua. Koleo ziko tano, tunahitaji zingine na toroli moja. Chai na vitumbua bibi amesema vya kwake.